Vijana wanapatana simuni, mshenga yuko wapi?

Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi pale stendi ya Msamvu, Morogoro, kuna vijana ambao hawakuja kusafiri wala kupokea mzigo. Utawajua kwa macho. Basi kutoka Dar es Salaam au Dodoma likisimama, wanatazama simu, wanatazama mlango wa basi, wanarudi tena kwenye simu. Wanalinganisha picha na sura za wanaoshuka. Wengine hujibanza pembeni, karibu na wauza maji, ili wamwone mgeni kabla mgeni hajawaona; sura isipofanana na picha, waondoke kimya kimya. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari hizi zimekuwa nyepesi zaidi. Mtu wa Mbagala anaweza kula chakula cha mchana na mtu wa Mazimbu, akarudi kwake siku hiyo hiyo.

Nimekuwa nikiwaona vijana hawa kwa muda sasa, na siwacheki. Wengi ni wanachuo wa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), iliyoko hapa Mazimbu. Wengine ni mafundi simu, wasusi, walimu waliopangiwa shule za milimani huko Mgeta na Matombo. Wamepata mtu kwenye Tinder au Badoo, au kwenye inboksi ya Instagram, au kwenye magrupu ya Telegramu na WhatsApp ya "natafuta mchumba". Hapa kwetu vyote hivyo vinafanya kazi moja, na katika makala haya nitaviita vyote programu za uchumba.

Msimamo wangu ni huu: programu hizi hazijaua mapenzi ya vijana kama tunavyolalamika kwenye vikao vya harusi. Zimefanya jambo lingine, na kwangu ni zito zaidi. Zimemwondoa mtu wa tatu. Mshenga, shangazi, somo, rafiki wa kaka, yule aliyewajua wote wawili kabla wao hawajajuana, hayumo tena. Na sisi wa nyumbani, kwa ukali wetu na kwa kuogopa aibu, tumesaidia kumfukuza.

Maswali ya bibi

Fungua ukurasa wa mtu yeyote kwenye programu hizo. Utakuta picha nne au tano, umri, urefu, kazi, muziki anaoupenda, na maneno mafupi kama "niko siriasi, sitaki michezo". Utakuta na umbali: kilomita tatu kutoka ulipo. Ukivutiwa unatelezesha kidole kulia, usipovutiwa unatelezesha kushoto. Tinder, iliyoanza mwaka 2012, ndiyo iliyoueneza mtindo huo duniani, na leo kidole cha kijana wa Mazimbu kinaujua kama kinavyojua kupiga namba ya mama yake.

Sasa mpelekee bibi wa Kiluguru jina la mchumba uone anavyoanza. Ni wa ukoo gani? Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mmoja kazaliwa Kinole na mwingine Mgeta na hawajawahi kutiana machoni. Mama yake ni nani? Mjomba wake ni yupi? Kwao wanaishije na wake zao? Alishawahi kuoa, na kama alioa, yule wa kwanza yuko wapi? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalojibiwa na zile picha tano. Binti anaweza kutelezesha kidole kulia kwa mtoto wa mama yake mdogo asiyemfahamu, na simu ikampongeza.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema hivyo wakati mkakasi bado unashikwa mkononi na kugeuzwa. Siku hizi unapigwa picha upande mmoja tu, upande wenye mwanga.

Lakini sitaki kumpamba mshenga wa zamani kuliko alivyokuwa. Mabinti wengi wameozwa wasiowataka, na mshenga na mjomba walikuwapo, walikaa, walikula. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na mwanaharakati Rebeca Gyumi akalipeleka suala hilo mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Kijana anayesema "mke nitachagua mwenyewe" ana haki yake, na nitakuwa wa mwisho kumnyang'anya.

Tena programu hizi zimewafikia watu ambao mshenga aliwapita. Mwalimu wa kike aliyepangiwa shule ya mlimani, ambako wanaume wa rika lake wote wameoa au wamehamia mjini, atampata wapi mwenza? Mwanamke aliyeachika na watoto wawili, ambaye mtaa mzima umeshamhukumu, nani atamwendea? Simuni anaandika ukweli wake mwanzoni, na anayekuja amekuja akijua. Simuni pia msichana anaweza kumkataa mwanaume asiyemtaka bila kufuatwa njiani hadi mlangoni kwao na bila kutukanwa mbele za watu. Hilo si jambo dogo, na anayelibeza hajawahi kutembea jioni akiwa msichana.

Wala hatuko peke yetu katika mabadiliko haya. Mwaka 2019 Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti wa namna wapenzi wa Marekani wanavyokutana. Kati ya wapenzi wa mwanaume na mwanamke waliokutana mwaka 2017, takriban asilimia 39 walikutana mtandaoni, na njia hiyo ilikuwa imeshawapita marafiki, ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa wakikutanisha watu kuliko njia nyingine yoyote. Nawaomba wasomaji walitazame hilo la marafiki. Hata Marekani, ambako mjomba hakuwa na sauti kama ya kwetu, aliyepungukiwa na kazi ni yule yule mtu wa tatu.

Kwa nini programu isimtake? Kwa sababu haiishi kwa ndoa. Match Group ya Marekani, yenye Tinder, Hinge na OkCupid, hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwa watu wanaolipia ili waonekane zaidi au waone nani amewapenda. Wawili wakioana na kufuta programu, kampuni imepoteza wateja wawili. Kwa hiyo kuna sura nyingine daima, na baada yake nyingine. Kijana aliyempata mtu mwema Jumanne anajikuta Alhamisi anapitisha kidole tena, akitafuta aliye mwema kidogo zaidi. Mchagua nazi hupata koroma, na koroma nyingi nimeziona zikiletwa nyumbani baada ya miaka mitatu ya kuchagua.

Mazimbu iliwahi kupenda wageni

Watu wa Mazimbu hatukuanza jana kupenda watu ambao kwao hatukujui. Ardhi hii ilikuwa shamba la mkonge. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976 kuwatupa vijana wengi uhamishoni, serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo hili, na wakajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na shule, mashamba, karakana, hospitali na kituo cha watoto. Wageni wale walikuwa vijana, na ujana ni ule ule popote. Waliwapenda mabinti wa Morogoro, na mabinti wakawapenda.

Mapenzi hayo yanafanana na ya leo kuliko tunavyofikiri. Binti hakujua kwao na mwanaume. Hata jina aliloambiwa huenda halikuwa la kuzaliwa, maana wapigania uhuru wengi walitumia majina mengine kwa usalama wao. Shangazi gani angetumwa Johannesburg kuulizia ukoo wakati makaburu wanatawala? Mahali pa mjomba kilikaa chama: mwanachama wa ANC alitakiwa kupata kibali cha chama kabla ya kuoa. Vyovyote kilivyokuwa, palikuwa na mtu wa kuulizwa. Na palikuwa na majirani. Kihonda na mitaa ya jirani walimjua mgeni yule kwa sura, walimwona akija Jumapili na kuondoka, walijua mtoto ni wa nani.

Kisha Februari 1990 ANC ikaondolewa marufuku kule kwao, na mwaka 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa sehemu ya SUA. Wapo walioondoka na wake zao, na zipo ndoa zilizodumu. Wapo walioondoka wenyewe. Wakabaki wanawake wenye picha na barua, na watoto waliokua wakiuliza baba yuko wapi, wengine wakiwa na jina la baba lisiloweza kumpata mtu.

Waliowapokea watoto wale ni ukoo wa mama. Katika mila ya Kiluguru mtoto hakosi pa kusimama hata baba asipoonekana. Ana mjomba, ana bibi, ana jina la ukoo. Mila hiyo iliokoa wengi. Lakini nauliza: mtoto wa leo, ambaye mama yake amepanga chumba kimoja karibu na chuo, na baba yake ni picha iliyofutwa kwenye simu na namba isiyopatikana tena, atapokelewa na nani ikiwa ukoo wenyewe haukuwahi kuambiwa kwamba kulikuwa na mwanaume? Wale wa zamani waliachwa hadharani, mtaa ukiona. Hawa wanaachwa gizani. Anayekuja kuulipia mzigo ni bibi wa Mgeta, anayeteremsha karoti na kabichi mjini ili mjukuu apate ada na sare.

Nauli, na ya kutolea

Lugha ya vijana wenyewe inaonyesha mambo yalipofika. Mwanaume anatuma nauli, msichana haji, simu inazimwa: amekula nauli. Msichana naye anaombwa hela kidogo, "na ya kutolea", na mtu aliyesema ni mhandisi wa mradi fulani ambaye mshahara wake umechelewa. Fedha hizo si za mchezo. Nauli iliyoliwa ni mtaji wa kijana wa chipsi, na hela ya mhandisi yule mara nyingi ni boomu la mwanachuo, fedha ya mkopo iliyokusudiwa chakula cha mwezi.

Vijana wamejifunza kujilinda kwa namna yao. Msichana mmoja wa hapa alinionyesha, simu yake ina kioo kilichopasuka kona ya juu. Kabla ya kukutana na mtu, anafungua huduma ya fedha, anaandika namba ya mwanaume, anaweka shilingi elfu moja, kisha anasubiri. Kabla ya kuthibitisha, mtandao unamwonyesha jina lililosajiliwa. Akiliona, anafuta muamala. Kwa kuwa laini zote sasa husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, jina hilo lina uzito kuliko lolote analoweza kuambiwa kwenye meseji. Siku ile jina aliloambiwa lilikuwa la kiume. Lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mwanamke.

Alimuuliza. Akajibiwa ni laini ya dada. Huenda ni kweli. Watu wengi hutumia laini za ndugu. Huenda ni ya mke. Nilimuuliza msichana yule alimwambia nani hapo nyumbani. Hakumwambia mtu. Mama angeuliza kwanza kwa nini anazungumza na wanaume mtandaoni, na mazungumzo yangeishia hapo, kwenye kwa nini. Akabaki na jina la mwanamke asiyemjua na uamuzi wa kufanya peke yake, saa tano usiku, akiwa na mtihani kesho yake.

Kwangu mimi hapo ndipo penye jeraha. Akili ya kumtambua tapeli anayo, tena kutuzidi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia.

Na matapeli wanajua hivyo. Anayetishia kusambaza picha za faragha za msichana hategemei ukali wa picha. Anategemea kwamba msichana atalipa kuliko kumwambia baba. Sheria ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa namba 15040 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Vyote hivyo vinahitaji mtu mmoja wa kumshika mkono na kumpeleka, na mtu huyo ndiye asiyekuwepo.

Wanatudanganya kwa sababu tumewafundisha

Nenda kwenye utambulisho wowote siku hizi. Barua imeshapelekwa, kishika uchumba kimehesabiwa, mjomba anangoja kilemba chake na mama mkaja wake. Mzee mmoja anauliza kwa furaha, hawa watoto walikutana wapi? Wawili wanatazamana. "Kwenye semina." "Kanisani." "Kwa rafiki." Nusu ya chumba, wale wenye umri chini ya miaka 35, wanainamisha vichwa kwa sababu wanajua.

Uongo huo mdogo unaonekana hauna madhara. Unayo. Familia inayoambiwa "kanisani" haitauliza zaidi, kwa kuamini kwamba mchungaji anamjua. Inayoambiwa "kwa rafiki" inaamini rafiki ameshachunguza. Hakuna aliyechunguza. Tumejenga ndoa juu ya shahidi wa kubuni, kwa sababu tulifanya neno "mtandaoni" liwe tusi. Mficha uchi hazai, na vijana wetu tumewalazimisha wafiche.

Wengine hawafiki hata kwenye utambulisho. Wanaingia kwenye ile wanayoiita sogea tukae: mmoja anahamia na begi, kisha na sufuria, kisha na mimba. Sheria yetu ya Ndoa ina huruma kwa watu hao, na wengi hawajui. Inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sifa hiyo inatoka wapi? Kwa majirani, ndugu, mwenyekiti wa mtaa. Ni watu wa kusema mbele ya hakimu kwamba tuliwajua hawa kama mke na mume. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na kudai zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa isiyofungwa. Lakini ahadi iliyotolewa kwenye meseji zinazojifuta baada ya saa 24, kwa mtu ambaye hakuna ndugu aliyemwona, utaithibitisha na nani? Mapenzi yakiwa ya siri kabisa, hata mahakama haina pa kuyashikia.

Mshenga anaweza kurudi

Watu husema yaliyopita hayarudi, kwamba mtoto aliyezaliwa na simu mkononi hatamkubali mshenga. Sikubaliani nao. Ipo programu ya uchumba ya Waislamu iliyoanzishwa Uingereza, Muzz, zamani ikiitwa Muzmatch, ambayo inamruhusu msichana kumwingiza walii wake ili apate nakala ya mazungumzo. Mwanaume anaambiwa wazi kwamba kuna mtu anasoma. Asiyetaka kusomwa na mtu mzima anaondoka mwenyewe, na kuondoka kwake kumeokoa kitu. Kama kampuni ya London imeona mtu wa tatu ana kazi hata ndani ya simu, kwa nini shangazi wa Morogoro ajione amepitwa na wakati?

Simwombi kijana ampe mama nywila ya simu yake. Mapenzi yana faragha, na mzazi anayesoma meseji za mtoto wa miaka 24 anatafuta ugomvi. Namwomba achague mtu mmoja, dada, mjomba, rafiki wa kweli wa bweni moja, ambaye kabla ya kwenda Msamvu ataachiwa mambo manne: jina lililotokea kwenye muamala, namba, mahali pa kukutania, na saa ya kurudi. Mkutano wa kwanza uwe mchana, penye watu. Mambo yakiendelea mwezi wa pili, yule mtu mmoja amwone mgeni kwa macho yake. Na kabla ya mengine yote, wawili wakapime afya pamoja, wachukue majibu pamoja.

Kwa wazazi ombi langu ni gumu zaidi, maana linagusa midomo yetu. Binti akisema "nimempata mtandaoni", swali la kwanza lisiwe kwa nini. Liwe lile la bibi: ni wa wapi, kwao ni akina nani? Kisha tufanye kazi ambayo mshenga alikuwa akiifanya kwa miguu. Mpigie ndugu aliyeko Dodoma, mwambie aende mtaani kwa kijana huyo, aketi na mwenyekiti wa mtaa, anunue soda dukani na kuuliza. Ulizeni kanisani au msikitini anaposema anasali. Muulizeni mwenye nyumba wake kama kodi inalipwa na nani analala humo. Ndoa ya kisheria yenyewe hutangulizwa na taarifa ya siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Familia nayo inaweza kujipa muda kama huo kabla ya kupokea barua. Kijana mwenye nia hatachukia. Wale niliowaona wakichukia, wakiharakisha, wakisema "mbona kwenu hamniamini", wengi wao walikuwa na mke wa kwanza.

Na chuo nacho kina sehemu yake. Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya huelekezwa maktaba, mabweni na ada. Saa moja tu ingetosha kuwaeleza jinsi ya kulitambua jina la mtu kabla ya kumtumia hela, wapi pa kupeleka vitisho vya picha, na Sheria ya Ndoa inasema nini kuhusu sogea tukae. Ayaseme mwanasheria, au askari wa Dawati la Jinsia, au mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewahi kutapeliwa na ambaye yuko tayari kusimulia. Huyo wa mwisho ndiye watakayemsikiliza.